Anika Uanue: shajara ya mchezo wa karafuu, kutoka Wete

12 Januari 2025

Leo sikukuu ya Mapinduzi, skuli imefungwa, nami nimeanza kubuni mchezo wangu wa ubao. Nitakuwa naongeza maandishi hapa kila hatua ikikwisha, ili mwenye hamu ya kubuni mchezo wake apate pa kuanzia na asinunue vitu nilivyonunua mimi bure. Pesa nitaziandika zote, maana kila niliyemwambia habari hii aliuliza hilo kwanza.

Mchezo ni wa karafuu, na hasa ni ule wakati wa kuanika. Hapa kwetu Pemba hata mtoto wa darasa la pili anajua mambo yanavyokwenda: karafuu zikishachambuliwa makonyo, yale matawi madogo yaliyozishika, zinamwagwa kwenye jamvi, zinapata jua siku kadhaa mpaka zikauke, na wingu likitanda nyumba nzima inatoka mbio kuanua, yaani kuziondoa kabla hazijanyeshewa. Ukianua bure umepoteza jua. Ukichelewa umepoteza karafuu. Nimeona watu wazima wakigombana juu ya jambo hili kwa sauti ileile wanayogombania dhumna, nikajua mchezo umo.

Ubao wa kwanza nimeuchora nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Kete ni maharage. Dadu nimeiazima kwenye ludo ya watoto. Kila zamu unachuma kete tatu unaziweka jamvini, kisha dadu inatupwa: 1 au 2 ni mvua, zinazobaki ni jua. Karafuu iliyopata jua nne mfululizo imekauka na inauzwa kwa 4. Mbichi inauzwa kwa 1. Mvua ikikukuta umeanika, zote zimekwenda.

Gharama: karatasi mbili za manila, sh. 1,000.

14 Januari

Nimecheza na mke wangu na wapwa zangu wawili. Mpwa wangu wa miaka 12 alianika mara moja tu, akanyeshewa, na tangu hapo akawa anauza mbichi kila zamu. Akatushinda sote kwa mbali. Nikamwambia hachezi inavyotakiwa. Akanijibu, "Mjomba, nacheza inavyolipa."

Usiku nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kuchora kitu chochote, na mimi ndiye ninayefundisha hesabu. Jua lina nafasi mbili kati ya tatu kila siku. Jua nne mfululizo ni 16 kati ya 81, yaani karibu mara moja katika tano. Ukikausha unapata 4, lakini kwa kuwa unafaulu mara moja katika tano, wastani wako ni chini ya 1. Mbichi ni 1 ya uhakika. Mtoto alikuwa sahihi, mwenye kosa ni mimi.

Nikabadilisha: mvua ni 1 tu ya dadu. Sasa jua nne zinapatikana karibu nusu ya nyakati, wastani unakaribia 2. Tukacheza tena, na hakuna aliyeuza mbichi hata mara moja. Nimetoka kwenye mchezo ambao hakuna anayeanika, nimeingia kwenye mchezo ambao hakuna asiyeanika. Pande zote mbili watu wanatupa dadu tu na kungoja matokeo.

Kwa anayefuata: chukua karatasi, andika kila njia ya kupata pointi, na mbele yake wastani wake. Njia moja ikizipita nyingine kwa mbali, wachezaji wataiona mapema kuliko wewe.

2 Februari

Hii ndiyo sehemu ninayoionea haya, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu.

Badala ya kukaa na tatizo moja nikaongeza vitu. Niliwaza kwamba mchezo ni mwembamba, ndiyo maana hauna uamuzi. Nikaingiza wachumaji wa kukodi. Nikaingiza kituo cha kuuzia. Nikaingiza magendo ya kwenda Mombasa usiku. Nikaingiza kiwanda cha makonyo cha Wawi, ukipeleka makonyo unapata mafuta. Nikaingiza na historia. Kanuni zikafika 34, na ya 19 kazi yake ilikuwa kuieleza ya 11.

Nikafanya na kosa la pili, la pesa. Nikaona karata 54 nilizoziandika ni nzuri mno kubaki za mkono, nikazichapisha kwa rangi na kuzipiga laminesheni. Karatasi sita kwa sh. 1,000 kila moja, laminesheni sita kwa sh. 1,500 kila moja: jumla sh. 15,000. Siku mbili baadaye karata 40 kati ya hizo hazikuwa na kazi tena. Laminesheni haifutiki na haiandikiki juu yake. Ukiwa bado unabadilisha, kalamu na karatasi ya daftari vinatosha kabisa, tena mchezaji akiona mwandiko wa mkono anakuwa mwepesi wa kukwambia hapa pabaya. Akiona kitu king'aacho anakuonea huruma.

Sasa yaliyotokea siku ya kucheza. Mwenye pesa alikodi wachumaji wengi, akachuma zaidi, akapata pesa zaidi, akakodi tena. Kufikia nusu ya mchezo mshindi alijulikana, na sisi watatu tulikuwa tunamsindikiza. Baadaye nikakumbuka habari ya Elizabeth Magie, yule mama wa Marekani aliyepata hataza, yaani hati ya haki ya mbuni, ya mchezo wake wa wenye ardhi mwaka 1904, ambao ndio uliozaa mchezo wa Monopoly. Yeye alitaka watu waone jinsi mwenye nyumba anavyozidi kunenepa na mpangaji anavyozidi kukonda. Aliuweka ule ubaya makusudi. Mimi niliuweka kwa kutojua.

Magendo nayo: niliyapa malipo mara mbili, na kukamatwa ni 1 ya dadu. Piga hesabu mwenyewe. Aliyekwenda kituoni alikwenda kwa uaminifu wake tu.

Lakini kilichonikata maini ni kimbunga. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Ndiyo moja ya sababu karafuu zikawa zetu. Nikaona hii lazima iwemo. Nikatengeneza karata ya kimbunga: mwenye shamba Unguja anapoteza mikarafuu yote. Ikatoka zamu ya pili. Mpwa wangu mdogo ndiye aliyekuwa na Unguja. Akaziangalia kete zake zinavyoondolewa, akauliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Sikuwa na jibu. Akakaa saa nzima anachambua nyuzi za mkeka kwa kucha, kwa adabu tu, kwa sababu mimi ni mjomba wake.

Saa nzima kweli. Tulianza baada ya Magharibi, Isha ikatukuta katikati, tukasali, tukarudi, na mpaka tunamaliza ilikuwa saa moja na dakika 50 za kucheza. Kuanzia leo nina kipimo kimoja: mchezo uanze na wishe kati ya Magharibi na Isha, na ibaki nafasi ya kubishana.

16 Februari

Nimefuta kila kitu isipokuwa jamvi, mvua na kete. Kanuni 9.

Nikaupeleka barazani, pale kwa muuza kahawa. Hii nilikuwa naiogopa, kwa sababu wale ni wachezaji kweli. Wapo wanaocheza bao tangu hawajaota ndevu: mashimo 32, kete 64, namua, mtaji, nyumba, kutakata, kanuni ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika, na hakuna hata mmoja aliyezisoma mahali. Walikaa, wakatazama, wakakosea, wakazomewa, wakajua. Nilikwenda na karatasi ya maelezo mkononi. Hakuna aliyeigusa. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, we cheza, sisi tunaangalia."

Zamu ya kwanza tu mzee mmoja akauliza, "Hiyo dadu ya nini?"

"Ya hali ya hewa, mzee."

"Dadu ni dadu." Akachukua kikombe chake, akasogea mwisho wa baraza.

Sikubishana naye. Watoto wanacheza ludo majumbani na hakuna anayesema neno, lakini wazee wetu wa madhehebu ya Shafii wengi dadu hawaikaribii. Mchezo ambao nusu ya baraza haiwezi kuugusa nikauita wa baraza, nimemtengenezea nani? Hili ungelijua hapa tu. Kabla hujachagua kifaa chochote, kaa unapotaka mchezo wako uchezwe utazame mikono ya watu inashika nini. Pale ilishika karata, dhumna na kete.

Jioni nikaurudisha nyumbani, tukacheza ukumbini na wapwa, bibi amekaa pembeni anachagua mchele. Dadu ikatoa mvua, wote tukapiga kelele. Bibi hakuinua uso. Akasema, "Nyie mwangoja mvua iwanyeshee ndo muanue? Sie twaanua kwa wingu."

Nikaacha kucheza. Mwezi mzima nilikuwa nimetengeneza mvua inayoshuka bila kupiga hodi. Hakuna mtu aliyeanika karafuu anayeijua mvua ya namna hiyo. Wingu ndilo linalokuuliza swali. Mvua ni jibu tu. Na nilikuwa nimeliandika mwenyewe tarehe 12 Januari, juu kabisa ya shajara hii.

Akaniambia na jingine: karafuu mbichi zikirundikwa pakachani muda mrefu zinavunda. Nikaiweka na hiyo. Ikaniletea kanuni tatu mpya za kuhesabu siku za pakachani. Nimeitoa. Ni kweli, lakini si kila ukweli wa karafuu una nafasi kwenye mchezo wa dakika 25.

Gharama: kahawa na kashata, ambazo ningekunywa na kula vyovyote vile.

27 Februari

Nimenunua pakiti ya karata za kawaida, sh. 3,000, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: 15 za jua, 5 za mawingu. Dadu nje. Jua likitoka, kete zote zinasogea mstari mmoja. Mistari ya jamvi, yaani siku za jua za kukausha, nimeipunguza kuwa mitatu. Mawingu yakitoka kila mtu anaamua: kuanua au kuacha. Kisha sarafu inarushwa.

Sarafu ni ya mia mbili: upande mmoja Mzee Karume, upande wa pili simba. Karume ni jua, simba ni mvua. Sikutegemea furaha iliyotokea. Mashabiki wa Yanga walifurahi kupita kiasi kwamba simba ni hasara, na kila sarafu ikiruka kulikuwa na kelele kuliko mchezo wenyewe. Shabiki wa Simba mmoja alidai tubadilishe, tukakataa kwa kura.

Ikaenda vizuri jioni mbili. Jioni ya tatu sarafu haipo. Tukaitafuta chini ya baraza, kwenye mikunjo ya kanzu, mpaka muuza kahawa akatuonyesha kwenye kopo lake: mmoja wetu alikuwa ameinunulia kahawa. Kitu ambacho watu wana matumizi nacho usikifanye kipande cha mchezo.

Gharama: pakiti sh. 3,000, na sh. 200 ya mvua iliyokunywewa kahawa.

20 Machi

Ramadhani. Tunacheza baada ya tarawehe, watu wameshiba na wana subira, wakati mzuri kuliko wote wa kujaribu mchezo.

Suluhisho limetoka kwa mcheza dhumna mmoja ambaye hata hakuwa anacheza. "Karata unazo mkononi, sarafu ya nini? Wingu la pili ndiyo mvua."

Yaani: mawingu yakitoka, unaamua. Karata ifuatayo ikiwa jua, walioacha wanasogea mbele na walioanua wanabaki palepale. Ikiwa mawingu tena, ni mvua, na walioacha wanapoteza nusu. Hakuna sarafu, hakuna karata ya mvua, hakuna kanuni ya ziada. Nilipomsifu akaona namkebehi.

Karata 5 za mawingu katika 20 hazikutosha. Nilipiga hesabu safari hii kabla: uwezekano wa mchezo mzima kwisha bila mawingu mawili kufuatana ni asilimia 28. Michezo zaidi ya mmoja katika minne inakwisha kavu. Nikapandisha mawingu kuwa 8, uwezekano ukashuka mpaka asilimia 1. Ili nisiiamini hesabu peke yake nikachanganya karata na kuzimwaga mara 50 nikiwa nangoja daku. Mvua mbili katika mchezo ndiyo ilikuwa ya kawaida, moja na tatu zilitokea sana, na mara moja tu haikunyesha kabisa.

Faida ambayo sikuipanga: wacheza dhumna wanahesabu. Nusu ya mchezo wanajua mawingu mangapi yamebaki, na mwenye kuhesabu anaacha jamvi wazi pale wengine wanapokimbia. Yule mzee aliyekataa dadu amekaa kucheza. Hajasema kitu, lakini amehesabu.

La mwisho la hatua hii ni la watoto. Nilikuwa nimewapa kila mmoja kikombe kiwe pakacha. Ukianua unahamisha kete zote kikombeni, kisha unazirudisha kila moja kwenye mstari wake. Nilipima kwa simu: karibu dakika moja kila wingu, na mara nyingi zinarudi mstari usio wake. Wapwa zangu wakavichoka vikombe. Wingu likitoka wanapiga kiganja juu ya jamvi, "Nimeanua!" na karata ikipita wanainua mkono. Kete hazijasogea hata moja. Vikombe nimevirudisha jikoni. Sasa kiganja ndiyo kanuni, na wote wanafunika kwa pamoja, hakuna anayengoja kumwona mwenzake.

6 Aprili

Wiki ya Idi, muda wa kutosha, nimeshughulikia vifaa.

Nilitaka kete ziwe karafuu za kweli. Mjomba alinipa konzi mbili. Nyumba ilinukia, wachezaji walizishika kwa upole, kila mtu alisifu. Baada ya michezo mitatu vichwa vilianza kukatika. Karafuu kavu ina kile kichwa kidogo cha mviringo juu. Ukiisukuma kwa kidole mara kumi kinabanduka, na hapo ubishi unaanza: hii ni karafuu moja au mbili? Mchezo wa saba nilikuwa na konzi moja ya karafuu na konzi moja ya vijiti. Tena karafuu zina mnunuzi wake, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na sitaki kujieleza bandarini kwamba mkoba wangu ni wa kuchezea.

Nimehamia mbegu za ukwaju. Loweka usiku kucha, sugua, anika. Nyeusi, zinang'aa, ngumu, na mkwaju uko nyuma ya skuli. Kasoro yake ni moja: zinateleza.

Dawa ya kuteleza ikawa jamvi lenyewe. Shangazi yangu wa Micheweni anashona mikeka. Nilimwomba vijamvi vinne vya ukubwa wa daftari lililofunuliwa, vya ukili mwembamba, mistari mitatu ya rangi. Akacheka kwanza, kisha akavishona kwa siku tisa. Matuta ya ukili yanazishika mbegu kana kwamba yametengenezewa kazi hiyo. Vilikuja vimejikunja pembeni. Nilivilalia chini ya godoro siku tatu vikanyooka.

Gharama: vijamvi vinne kwa bei ya jamaa, sh. 20,000. Bei ya mtu wa nje isingekuwa hiyo, na mwenye kufuata asiipigie hesabu.

11 Mei

Masika. Vijamvi nilivihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki ili visilowe. Nimefungua leo: ukungu, wa kijani, na harufu. Mfuko ulifungia unyevu ndani. Vitatu vimetupwa, kimoja nimekipangusa na siki na kukianika, kimebaki na madoa.

Mchezo wa kuanika, nami nimeshindwa kuanika. Mke wangu amelisema hilo mara tatu mpaka sasa.

Siwezi kumrudia shangazi kwa siku tisa nyingine, na hata ningeweza, nikitaka kutengeneza nakala nyingi atakuwa ameacha kazi zake zote. Nimenunua kitambaa cha marekani, rangi ya vitambaa na brashi, sh. 10,000 kwa jumla. Jamvi la kitambaa linafuliwa, linakunjwa, halivundi. Lakini mbegu zikarudi kuteleza. Nilijaribu kupaka rangi nzito, ikapasuka kwenye mkunjo. Kilichofaa ni uzi: fundi cherehani alipitisha mshono wa uzi mnene kila mpaka wa mstari, mara mbili. Tuta dogo lile linatosha. Mbegu inafika inasimama.

15 Juni

Jaribio bila mimi. Mwenzangu anayefundisha Mkoani alipewa mfuko, karatasi moja ya kanuni, na walimu watatu. Mimi nilikaa chumba cha pili mlango wazi, nimekatazwa kusema. Ni adhabu. Mara mbili nilisimama, mara mbili nikakaa.

Kila walipoulizana swali nilipiga mstari. Mistari 11. Saba ilikuwa juu ya jambo moja: mawingu matatu mfululizo. Wingu la kwanza na la pili ni mvua, sawa. La tatu? Mmoja alisema la pili na la tatu nayo ni mvua, nyingine. Mwingine akasema hesabu inaanza upya. Walicheza nusu ya kwanza hivi na nusu ya pili vile. Karibu miezi mitatu sisi hatukuwahi kuuliza kwa sababu mimi nilikuwepo, na mkono wangu ulikuwa unaziondoa zile mbili bila kusema.

Basi mkono wangu ndiyo kanuni iliyokosekana. Nimeiandika hivi: "Mvua ikishanyesha, weka mawingu hayo mawili pembeni. Wingu linalofuata ni la kwanza." Karata zikiwa pembeni hakuna la kukumbuka.

Mistari mitatu ilikuwa juu ya nusu. Una kete 7, mvua imenyesha, zinakwenda ngapi? Wanasema tatu, wanasema nne, na mwalimu wa Kiswahili akaleta nahau. Sasa imeandikwa kwa mfano: "Ukiwa na 7, zinakwenda 4." Mfano mmoja umemaliza kilichoshindwa na sentensi mbili.

Mstari wa 11: mtu aliuliza mawingu ni mangapi humo ndani. Nikakumbuka Catan, ule mchezo wa Klaus Teuber uliotoka Ujerumani mwaka 1995, jamaa mmoja aliwahi kutuletea. Vibao vyake vya namba vina vitone vinavyokuonyesha namba gani hutoka sana, ili asiyejua hesabu asionewe. Pembeni ya kila jamvi sasa pameandikwa idadi ya jua na ya mawingu.

Gharama: kopi kumi za kanuni, sh. 1,000. Jumla mpaka leo, kabla ya nakala hata moja ya kuuza: sh. 50,200. Karibu sh. 35,000 kati ya hizo ni laminesheni ya Februari na vijamvi vya Aprili.

13 Julai

Nakala kumi za kwanza zimekamilika.

Kitu ambacho ningependa mtu angeniambia Januari: karata ya kipimo cha kawaida, milimita 63 kwa 88, zinaingia tisa kwenye karatasi moja ya A4. Mimi nina karata 20. Yaani karatasi tatu, na ya tatu ina karata mbili tu na nafasi saba tupu ambazo nazilipia. Nikarudi kwenye hesabu: karata 18, jua 11, mawingu 7. Uwezekano wa mchezo mkavu umepanda kutoka asilimia 1 mpaka 2.5. Nimecheza mara kumi na mbili, hakuna aliyegundua. Karatasi mbili badala ya tatu. Kwa hiyo hesabu ya karata ianze na 9, 18, 27.

Kila nakala: karatasi mbili nzito za rangi sh. 2,400, laminesheni mbili sh. 3,000, kitambaa, rangi na mshono wa majamvi manne sh. 3,500, mfuko wa kufungia kwa kamba sh. 1,500, kanuni sh. 100. Jumla sh. 10,500. Mbegu bure, ila kuziosha na kuzihesabu, kupaka na kukata, ni saa tatu zangu kwa nakala. Nauza sh. 15,000. Ukigawa kilichobaki kwa saa tatu utaona kwa nini bado nafundisha.

Nimevuka na nakala nne kwenda Unguja. Mji Mkongwe wameucheza vizuri, lakini kijana mmoja aliniuliza anua maana yake nini. Mtu wa mjini hajawahi kuanua zaidi ya nguo. Nimeongeza mstari wa kwanza kwenye karatasi ya kanuni. Sita zimeuzwa, mbili nimewapa bibi na yule mcheza dhumna, mbili zimebaki.

Wengi wameniuliza kama naogopa kuibiwa. Nilivyoelewa mimi, sheria ya hakimiliki inalinda maandishi na michoro yako, si namna ya kucheza. Anayetaka kutengeneza mchezo wa mawingu mawili na akachora wake, halali yake. Karatasi ya kanuni na michoro ya karata nimeiandaa kupeleka COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, na hapo nimeishia.

Linalobaki ni wachezaji wawili. Wakiwa wanne, daima yuko mmoja anayeacha jamvi wazi, na wengine wanamtazama wakiomba mvua. Wakiwa wawili wote wanafunika, karata inapita, wote wanafunua. Nimejaribu kuwapa majamvi mawili kila mmoja na kiganja kimoja tu, mkono wa pili uwe mgongoni. Michezo mitatu mpaka sasa, inaelekea. Wachezaji wangu wote wamekwenda mashambani, mikarafuu imeanza, kwa hiyo maandishi mengine ni baada ya msimu.